Presha haisubiri kichwa kuuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo ambalo makala nyingi za afya hulipitia juu juu. Kila shinikizo la juu la damu linapoelezwa, dalili zinazotangulizwa ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, na msomaji asiyeumwa kichwa hufunga ukurasa akiwa ameridhika kwamba yeye hana presha. Ukweli ni kwamba wengi wenye tatizo hili hawahisi chochote kwa miaka, na kichwa kinapouma, mara nyingi sababu yake ni nyingine kabisa.

Naandika haya kwa uchungu. Marehemu baba yangu alikutwa na shinikizo la 170 kwa 100 siku aliyokwenda kung'olewa jino. Alianzishiwa dawa, akazitumia kwa miezi mitatu, kipimo kikashuka hadi 128 kwa 80, naye akatutangazia kwamba amepona. Baadaye nilipofungua droo yake nilikuta pakiti nne za vidonge ambazo hazijaguswa, zimefungwa pamoja kwa mpira, na juu yake kikaratasi chenye mwandiko wake: "Za kichwa kikiuma." Asubuhi ile ya kiharusi, kikombe kilipomponyoka na mdomo wake ukapinda upande mmoja, kichwa hakikuwa kimemuuma hata kidogo.

Baba hakuwa mzembe, maana mtu mzembe haweki dawa zake kwa mpangilio namna ile. Alichokosa ni maelezo. Hakuna aliyemwambia kuwa vidonge ndivyo vilivyokuwa vimeshikilia kipimo pale chini, kwa kulegeza mishipa ya damu au kwa kutoa chumvi na maji ya ziada kupitia mkojo, na kwamba akiviacha shinikizo hurudi kimyakimya na kuendelea kuuchosha moyo, kuharibu figo na kudhoofisha mishipa ya ubongo na ya macho. Wapo pia wanaoacha kwa sababu dawa imewaletea kikohozi kikavu au imewavimbisha vifundo vya miguu, bila kujua kuwa daktari anaweza kuwabadilishia, kwa kuwa dawa za presha ni za aina nyingi.

Kwa hiyo naomba waandishi wako watangulize kipimo kabla ya dalili. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu anapofikia 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa kupimwa siku tofauti, wala si mara moja baada ya kupanda ngazi. Apumzike kwanza dakika tano ameketi, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono umelazwa usawa wa moyo, na asizungumze wakati mashine inapima. Haya ni mambo madogo, lakini yakipuuzwa huweza kumpa mtu mzima wa afya jina la mgonjwa.

Na kwa wanaogawa dawa nina ombi moja. Mgonjwa aliyeanzishiwa vidonge vya presha asiondoke dirishani kabla ya kuulizwa, "Utazitumia mpaka lini?" na jibu lake lisikilizwe hadi mwisho.

Msomaji wako.