Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: kambi za mwaka huu, ada, na ule uamuzi wa moto

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi, natumaini wote wazima pamoja na familia zenu. Katiba ya chama chetu cha kupiga kambi inasema mwenyekiti atoe taarifa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka na mimi hilo sijawahi kulikwepa tangu mnipe hii nafasi, kwa hiyo taarifa ndo hii. Naomba isomwe mpaka mwisho, maana kuna wenzetu wakisoma aya mbili tu wanakimbilia kwenye grupu kuandika.

Shughuli napita haraka kwa sababu wengi mlikuwepo na picha mnazo. Februari tulipiga kambi msitu wa Magamba kule Lushoto, Julai tukarudi Lushoto ila upande wa Shume, Agosti tukaenda Uluguru tukalala Morningside juu ya Morogoro mjini. Matembezi ya Irente yalifanyika. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika. Kambi ya Desemba tuliahirisha sababu ya mvua za vuli, na wote mnaijua ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto, kona na kona na mlima umekuning'inia pembeni, mvua ikikaza udongo unaweza kushuka barabarani na mimi sikuwa tayari kupandisha basi la watu pale. Vibali vya kulala kwenye hifadhi vyote nilifuatilia mimi mwenyewe kwa TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kontroo namba za malipo zikatoka, tukalipa, hakuna kambi hata moja tuliyolala msituni kinyemela. Hayo yanatosha.

Sasa nije kwenye suala la moto, maana najua ndo mnalolisubiri.

Kamati ilipitisha mwezi Juni kwamba kambi zetu zote za ndani ya misitu ya hifadhi hazitawasha tena moto wa kuni, tutapikia majiko ya gesi, na zile hela zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya hema kubwa la kulia chakula zikaenda kununua majiko sita na mitungi yake. Maneno yaliyofuata mnayajua. Nimeitwa dikteta, nimeambiwa nimeua kambi, kuna dada mmoja namheshimu sana akaandika kwamba kambi bila moto ni kulala nje tu. Nimenyamaza miezi sita kwa sababu sipendi kujibizana kwenye simu, ila leo naeleza yote na nataka yaingie kwenye kumbukumbu za chama.

Siku tunaondoka Magamba ile Februari, moto tulishauzima. Wote mliona, maji yalimwagwa, majivu yakatawanywa, watu wakafunga mahema wakaenda kwenye basi. Mimi nikabaki nyuma kuangalia vigingi vilivyosahaulika kwenye nyasi, huwa nafanya hivyo kila kambi japo hakuna aliyenituma. Nikapita pale pa moto nikaweka kiganja chini. Pakavu, pa moto kabisa. Nikasogeza mkono kama hatua moja kutoka kwenye mafiga, bado pa moto, na juu hapakuwa na kitu zaidi ya majani makavu. Nikachukua kijembe nikachimba, shimo la kina cha kiganja hivi, nikakuta mzizi mnene kama mkono wa mtoto umekuwa kaa jekundu, unaungua taratibu ndani ya ardhi kwenda upande wa mti, na moshi mwembamba unatoka kwenye udongo. Niliita vijana wawili, tukachota maji kijitoni na madumu, tunapanda tunashuka ule mteremko, tukachimba na kumwaga na kukoroga udongo mpaka ukawa uji wa baridi. Basi lilikuwa linapiga honi. Kuna watu mpaka leo wanasema siku ile mwenyekiti alichelewesha safari.

Naomba mwelewe ule udongo ulivyo. Msitu wa milimani juu kabisa una tabaka la majani yaliyooza, mizizi na mboji, na kiangazi tabaka hilo lenyewe likikauka linaweza kushika moto. Moto huo hauwaki kwa ndimi, unafukuta chini kwa chini, unaweza kutembea siku kadhaa ndo uibuke mahali pengine upepo ukivuma, na wewe uliyewasha ushafika Dar unaoga. Maji ya juujuu hayaufikii. Na Shume ndo kabisa, pale kuna shamba la miti la serikali, misindano na mikaratusi imepangwa safu kwa safu, sindano zake zinadondoka chini zinakauka, na ule utomvu wa msindano ukishika moto hauna mchezo.

Mnaosema natisha watu, kumbukeni Kilimanjaro Oktoba 2020. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, njia ya Marangu kati ya kambi za Mandara na Horombo, na TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, walieleza mapema kwamba ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula. Kupasha chakula tu! Mamia ya watu wakapanda kuuzima, ikachukua zaidi ya wiki, na takriban kilomita za mraba 95 zikaungua. Wale wapagazi mlima wanaujua kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja. Kama kwao ulishindikana, sisi wa wikiendi tunajiamini nini? Na Oktoba 2022 mlima ukaungua tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga. Halafu tuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, moto msituni imeuwekea masharti yake. Siku likitokea la kutokea kibali kina jina la nani? La kwangu.

Hoja ya baridi, kwamba bila moto watu wanaganda, nimeisikia sana na naijibu kwa heshima. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo ukitoka Dar na fulana na kitenge ukafika juu ya Lushoto mwezi wa saba lazima utetemeke, moto uwepo usiwepo. Moto unakupasha mbele, mgongo unaganda, na ukiingia kwenye hema haukufuati. Kinachokupa baridi usiku ni ardhi, maana inakunyonya joto kutoka chini. Weka mkeka wa sponji chini ya slipingi begi, lala na soksi kavu ambazo hukutembea nazo mchana, kula kitu kizito kabla ya kulala, nenda haja ndogo kabla hujajifunika. Haya nimeyasema kila kambi na waliofuata wamelala. Na wanaosema mahema ya chama yanavuja, ile asubuhi ya Shume matone yaliyokuwa yanawadondokea yalikuwa ni pumzi zenu. Mlifunga matundu yote ya hewa, watu watatu hema moja, mvuke unapanda unagusa kitambaa cha baridi unageuka maji. Acheni tundu la juu wazi hata kukiwa na baridi.

Wengine walisema majiko tuliyonunua ni feki kwa sababu asubuhi yalikuwa yanawaka kinyonge. Si feki. Gesi ya mitungi ile midogo baridi ikizidi presha yake inashuka, na ile aina ya gesi inayoitwa butani hasa ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kabisa kutoka. Mtungi ukilala nao ndani ya slipingi begi au ukaushika ndani ya koti dakika chache kabla ya kuwasha unafanya kazi vizuri, niliwaonyesha pale pale na chai ikachemka.

Na hili la mwisho kuhusu moto naliandika kwa uchungu. Usiku wa pili Shume kuna mwanachama aliingiza jiko la mkaa kwenye hema akafunga zipu. Nililitoa mwenyewe kwa mikono yangu saa nne usiku na tukarushiana maneno mbele za watu, na nikaambiwa namdhalilisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala haamki, na jiko la gesi nalo ukiliwasha kwenye hema lililofungwa ni hatari hiyo hiyo. Jiko ni nje, siku zote, hata mvua ikinyesha tafuteni turubai mlifunge juu na pande ziwe wazi. Hapo sirudi nyuma na kama mtanitoa kwenye uenyekiti kwa sababu hiyo sawa.

Kuna waliouliza kwanini tusiokote kuni zilizoanguka tu, zinaoza bure. Haziozi bure. Gogo lililolala kule linashika maji, vyura na wadudu wanaishi humo, miche inaota juu yake, na misitu ya Usambara ina viumbe ambao hawapo popote pengine duniani, akiwemo yule kinyonga wa pembe mbili ambaye nyote mnampiga picha. Na wenyeji wa vijiji vya jirani kuni wanazihitaji kuliko sisi tunaotaka kupiga gitaa.

Sasa swali lililoulizwa sana, kwanini kamati iliamua bila mkutano mkuu. Ndugu zangu, mkutano uliitwa! Niliitisha Mei, tangazo lilitoka wiki tatu kabla, akidi yetu ni theluthi moja yaani watu 22, wakaja 11. Nikaitisha tena Juni, nikabadilisha mpaka siku kwa sababu mlisema Jumamosi mna misiba na harusi, nikaweka Jumapili mchana, wakaja 14. Kati ya wale waliopiga kelele zaidi kuhusu moto hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku zote mbili, mahudhurio yapo kwa katibu mnaweza kuyaona. Katiba inairuhusu kamati kuamua mambo ya usalama akidi isipotimia, mpaka mkutano mkuu utakaofuata. Kambi ya Julai ilikuwa wiki nne mbele. Mlitaka nifanyeje?

Mahudhurio kwa ujumla yananisikitisha. Kambi ikitangazwa nafasi zinajaa siku mbili, watu wanagombana nani alale hema lipi. Siku ya kukarabati mahema tulikuwa watano, na mweka hazina alikuwa mmoja wao na mgongo wake unaomuuma. Tulifungua hema moja lililotoka Uluguru, lilirudishwa likiwa limekunjwa bichi hivyo hivyo, halikuanikwa hata saa moja. Harufu ilitutoa nje. Ukungu mweusi ulikuwa umeshika kona zote na ile rangi ya ndani inayozuia maji inabanduka ukiigusa kwa kidole, halirudi tena lile. Hema likirudi nyumbani linaanikwa kivulini mpaka likauke, kila mtu alifundishwa. Nimepeleka mengine kwa fundi wa viatu akabadilisha zipu, nauli yangu sikudai.

Hesabu kwa kifupi, mweka hazina atazisoma kwa urefu. Wanachama daftarini ni 64. Waliolipa ada yote ya 60,000 ni 27, waliolipa nusu 9, ambao hawajalipa hata shilingi 28. Ada iliyoingia 1,890,000, viingilio vya wanachama wapya watano 100,000, jumla 1,990,000, wakati ada peke yake ilitakiwa iwe 3,840,000. Tunadai 1,950,000. Matumizi, majiko na mitungi 750,000, matengenezo ya mahema 240,000, safari za kukagua maeneo 160,000, boksi la huduma ya kwanza 85,000, jumla 1,235,000. Imebaki 755,000, ongeza 310,000 ya mwaka jana tuna 1,065,000 benki. Michango ya kambi ni hesabu nyingine, ilijilipa yenyewe.

Angalieni hapo. Deni peke yake linazidi kila tulichotumia mwaka mzima. Wanaosema nimekula hela ya hema kubwa, hema kubwa lingekuja na majiko yangekuja kama watu wangelipa ada zao. Nimewapigia wadaiwa mmoja mmoja, wengine wananiambia mwisho wa mwezi, wengine simu hawapokei ila kwenye grupu wapo. Kuna mwanachama mmoja mstaafu, mama yetu, amelipa Januari kila mwaka bila kukumbushwa, na kambi zenyewe siku hizi hata haji sababu ya magoti. Shikamoo mama, chama kinakutambua.

Mwaka ujao tunatarajia kwenda Amani, Usambara ya Mashariki, hali ikiruhusu, na kuna mawazo ya kufika Rungwe siku moja Mungu akipenda. Hema kubwa bado lipo kwenye mipango. Tunaangalia pia uwezekano wa kupata mfadhili wa mikeka ya sponji, mazungumzo yapo mwanzoni kwa hiyo sitaji.

Uamuzi wa moto utaletwa mkutano mkuu upigiwe kura, kama katiba inavyotaka. Mimi nitasimama kuutetea. Mwenye hoja ya kuupinga aje akae kwenye kiti aiseme, na aje amelipa ada maana asiyelipa hapigi kura, hilo pia lipo kwenye katiba na safari hii katibu atakuwa na daftari mlangoni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti