Nikeli ya Kabanga si ya betri tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea kuhusu nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Tangu Serikali ilipotia saini makubaliano ya Januari 2021 na kupata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel, karibu kila anayeandika juu ya nikeli hiyo, au anayeitaja jukwaani, huiunganisha na betri za magari ya umeme, kana kwamba dunia haina kazi nyingine ya madini hayo. Ukweli ni kwamba takribani theluthi mbili ya nikeli yote duniani huishia katika chuma kisichoshika kutu, na sehemu nyingine, ambayo kwa uzito ni ndogo lakini kwa utaalamu unaohitajika ni nzito sana, huingia katika aloi, yaani michanganyiko ya metali, zinazofanya kazi ndani ya moto: mapanga ya turbaini (mitambo inayozungushwa na gesi ya moto) za ndege na za kufua umeme, diski zinazoyashika mapanga hayo, na vyumba vya kuchomea gesi. Tumeahidiwa kiwanda cha kusafishia madini huko Kahama, nami nakiunga mkono. Hata hivyo, kusafisha nikeli ni hatua ya mwanzo tu. Thamani kubwa imo katika kujua metali inatendaje inapokaa motoni kwa miaka, na ujuzi huo tunaweza kuanza kuujenga sasa, kwa vipande ambavyo tayari vimo nchini, ndani ya mitambo yetu wenyewe.

Kwa msomaji asiye mhandisi, la kwanza kuelewa ni kwamba kuyeyuka si tatizo linalotusumbua sana. Chuma cha kawaida cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, lakini kikifika nyuzi 600 hivi kimekwisha kupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi. Ndiyo maana paa la ghala lililoungua hukutwa limelala chini bila nguzo hata moja kuwa imeyeyuka. La pili ni muda. Metali baridi ikitwishwa mzigo isiouweza hupinda au kukatika papo hapo, na mzigo inaouweza itaubeba miaka na miaka. Metali iliyo motoni haitabiriki hivyo, kwa sababu hata mzigo mdogo ukiachwa juu yake huivuta polepole, saa baada ya saa, hadi irefuke, ianze kupasuka ndani kwa ndani na hatimaye ikatike. Muuza nyama choma anaijua tabia hii bila kufundishwa na mtu: wavu wake hubonyea katikati na kutoa magamba, ingawa nyama iliyo juu yake haijawahi kuzidi kilo chache.

Sasa tazama kazi ya panga la turbaini. Hewa hushindiliwa, gesi huchomwa ndani yake, na moshi unaotoka hapo huyapiga mapanga na kuyazungusha maelfu ya mara kwa dakika. Katika mitambo mikubwa ya kisasa moshi huo hupita nyuzi 1,500, wakati aloi yenyewe huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,300. Maana yake ni kwamba panga hukaa ndani ya moto uliozidi kiwango chake cha kuyeyuka, huku katika injini kubwa ya ndege kila panga moja likivutwa kwenda nje kwa nguvu inayofikia uzito wa zaidi ya tani kumi. Linaokolewa na hewa inayopitishwa ndani ya mwili wake, na koti jembamba la kauri ya zirkonia linalopakwa nje, ili metali yenyewe ibaki kwenye nyuzi 1,000 hivi. Nafasi kati ya ncha ya panga na ukuta wa mtambo ni ndogo mno, kwa hiyo panga likirefuka kidogo tu huanza kukwaruza. Kanuni inayotumiwa na watu wa kazi hii ni kwamba joto la metali likizidi kiwango chake kwa nyuzi 10 hadi 15 tu, umri wa panga hupungua kwa karibu nusu.

Nimewahi kulishika mkononi panga moja lililokwisha muda wake. Lilikuwa dogo, la kuenea katika kiganja, lakini zito kuliko macho yalivyodhani. Kwenye ukingo wa mbele kulikuwa na mstari wa matundu membamba, baadhi yameziba kwa vumbi lililogeuka kioo. Koti jeupe lilikuwa limebanduka upande uliotazama moto, na pale lilipobanduka metali ilikuwa na rangi ya kijivu yenye vipele. Ncha ilikuwa imelika. Mtu mwenye hadubini nzuri angeweza kusoma katika kipande kile karibu historia yote ya mtambo: ulipata moto kiasi gani, uliwashwa na kuzimwa mara nyingi kiasi gani, na hewa iliyoingia ilikuwa safi au chafu. Hapakuwa na hadubini. Kipande kiliingia kwenye kreti pamoja na wenzake.

Siri ya aloi hizi imo katika mchanganyiko wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Waingereza, waliokuwa wakihangaikia injini za kwanza za jeti, walitengeneza aloi iliyoitwa Nimonic 80: nikeli na kromi, pamoja na titani na alumini kidogo. Alumini hiyo kidogo ndiyo iliyobadili mambo. Ikitiwa ndani ya nikeli kwa kipimo sahihi na kupikwa kwa utaratibu, hujitenga na kuunda vijiumbo vidogo sana ambamo kila atomu moja ya alumini ina tatu za nikeli, zikiwa zimepangana kwa safu zisizovunjika ovyo. Katika aloi za leo vijiumbo hivyo vina umbo la mchemraba wenye upana wa karibu nusu ya elfu moja ya milimita, na hujaza zaidi ya nusu ya ujazo wote wa metali. Maajabu yake ni kwamba nguvu ya vijiumbo hivyo huongezeka kadiri joto linavyopanda, hadi nyuzi 700 au 800 hivi, mahali ambapo metali nyingine zimekwisha kulegea. Kromi na alumini zina kazi nyingine pia: hujenga utando wa oksidi unaozuia hewa kuendelea kuila metali. Metali za wolframu, tantali na reni, ambazo atomu zake ni kubwa na nzito, huongezwa ili kupunguza mwendo wa atomu nyingine ndani ya joto. Kila kimoja kina gharama yake. Ukizidisha reni ili panga lisivutike, baada ya maelfu ya saa huanza kuota fuwele ngumu zisizotakiwa ambazo hulidhoofisha. Ukipunguza kromi ili kupata nafasi ya metali nzito, unalivua panga kinga yake.

Jambo la pili walilogundua wahandisi ni kwamba metali ya kawaida imeundwa kwa punje nyingi, na mipaka kati ya punje ndiyo inayokatika kwanza motoni. Wakaamua kuiondoa mipaka yote. Panga hufinyangwa kwanza kwa nta, hufunikwa kwa kauri, nta hutolewa, kisha aloi iliyoyeyuka humiminwa ndani ya tanuri lisilo na hewa na kuvutwa kutoka kwenye joto kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika. Chini ya kalibu huwekwa njia nyembamba iliyojipinda, ambayo huruhusu punje moja tu ipenye na kukua mpaka juu, hivyo panga zima huwa fuwele moja, yaani punje moja isiyo na mpaka ndani yake. Kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1960, na mapanga ya namna hiyo yakaingia katika ndege za abiria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nataja miaka hii makusudi, kwa sababu kuna wanaodhani kwamba tukishapata nikeli safi Kahama, viwanda vya namna hiyo vitafuata vyenyewe. Tajiri wa utaalamu ule, mwenye mtaji na tanuri, alihitaji karibu miaka 20.

Ukanda wetu umewahi kuitikisa sekta hii, ingawa si kwa ujuzi. Mei 1978 waasi waliuteka mji wa Kolwezi, katika jimbo la Shaba la Zaire ya wakati huo, nchi iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa, na watengenezaji wa injini za ndege, ambao aloi zao nyingi zilikuwa na kobalti, wakapatwa na hofu. Walichofanya ni kurudi maabara. NASA, shirika la anga la Marekani, lilianzisha mpango wa kutafuta namna ya kupunguza madini ya aina hiyo katika aloi za injini, na aloi zisizotegemea kobalti, kama Inconel 718 ambayo nguvu yake hutokana zaidi na metali ya niobi, zikazidi kupendwa. Leo Kongo bado ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti duniani, na madini ya Kabanga nayo yana kobalti pamoja na shaba. Mwenye madini alipandisha bei kwa muda. Mwenye maabara akapata njia ya kumkwepa. Sijui kama wanaoandaa mikakati yetu ya madini huwa wanaikumbuka habari hiyo, lakini ningependa waikumbuke.

Tuna sababu nyingine ya kujifunza haya, iliyo karibu zaidi. Mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi iko Dar es Salaam, si mbali na bahari, na hewa ya pwani ina chumvi. Chumvi ikikutana na salfa, iwe ya kwenye mafuta au ya kwenye hewa, hutengeneza salfeti ya sodiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 884, hukaa juu ya panga kama ute na kuula ule utando wa oksidi unaolilinda. Metali iliyokuwa idumu miaka huweza kulika kwa miezi. Bahati yetu ni kwamba gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, kwa hiyo tatizo si kubwa kama kwa wanaochoma mafuta mazito yenye vanadi, metali ambayo nayo huchochea ulaji huo, lakini vichungi vya hewa vikizembewa chumvi haina simile. Uchunguzi wa jinsi aloi mbalimbali zinavyohimili hewa ya pwani ya Afrika Mashariki ungetufaa sisi, ungewafaa jirani zetu wa Mombasa, na hata watengenezaji wenyewe wangeuhitaji.

Najua wapo watakaosema kwamba nikeli yenyewe imeanza kupitwa na wakati. Tangu 2004, Jien-Wei Yeh huko Taiwan na Brian Cantor wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipochapisha kazi zao juu ya aloi zisizo na metali moja iliyo kuu, bali metali nne, tano au zaidi kwa viwango vinavyokaribiana, maabara nyingi zimeifuata njia hiyo. Mchanganyiko wa niobi, molibdeni, tantali na wolframu, uliotangazwa na watafiti wa jeshi la anga la Marekani mwaka 2010, unabaki na nguvu ya kutosha hata kwenye nyuzi 1,600, joto ambalo aloi ya nikeli imekwisha kuwa uji. Lakini mchanganyiko huohuo ukiwa baridi ni mwepesi kuvunjika, ni mzito mno, na ukikutana na hewa ya moto huungua. Kwa maoni yangu nikeli bado ina miaka mingi ya kufanya kazi, na hizo aloi mpya ni sababu nyingine ya kuwa na watu wetu wanaozielewa.

Pendekezo langu kwa Wizara ya Nishati na Wizara ya Madini ni hili. Katika kila mkataba mpya wa matengenezo makubwa ya turbaini za gesi, kiwekwe kifungu kwamba mapanga machache kati ya yale yaliyokataliwa, yasiyoweza kukarabatiwa tena, yabaki nchini na kukabidhiwa vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, pamoja na kumbukumbu za saa yaliyofanya kazi na idadi ya mara mtambo ulivyowashwa. Bila kumbukumbu hizo kipande ni chuma chakavu tu. Mtengenezaji atadai siri za kibiashara, na anayo haki ya kuzilinda, lakini kupima jinsi panga lilivyochoka si kulinakili. Asiye na tanuri la fuwele moja hawezi kulinakili hata akipewa mchoro.

Pamoja na hayo, vyuo vipewe vifaa vya kupima uvutikaji wa metali motoni. Si vifaa vya kutisha: tanuri la umeme, mkono wa wenzo wenye vyuma vya uzito, kipimo cha kuonyesha metali imerefuka kwa kiasi gani, na mtu mvumilivu. Larson na Miller wa kampuni ya General Electric walionyesha mwaka 1952 kwamba kwa kupima kwenye joto kubwa zaidi kwa muda mfupi, mhandisi anaweza kukadiria umri wa metali kwa saa 100,000, ambazo ni zaidi ya miaka 11, bila kuisubiri miaka hiyo yote ipite. Hata hivyo kipimo kimoja huweza kuchukua miezi mitatu au minne mfululizo, na umeme ukikatika katikati tanuri hupoa, kipande husinyaa, na saa zote zilizotangulia huingia dosari. Kwa hiyo bajeti ya maabara hiyo iwe na betri na jenereta ya akiba tangu siku ya kwanza. Nasema hivi kwa sababu ni kitu cha kwanza ambacho ofisi ya manunuzi itakifuta.

Wako,
Mhandisi mstaafu wa mitambo,
Dar es Salaam