Mwaridi uchaguliwe kwa jani, si kwa ua

Mhariri,

Masika yanapokatika, miwaridi mingi katika bustani za Arusha, Moshi na Lushoto hubaki vijiti: ua moja juu, majani matatu ya njano chini. Mwenye nyumba hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu, ilhali kosa lilifanyika siku ile aliponunua mche. Naomba nafasi katika gazeti lako nilieleze kosa hilo, kwa sababu vitalu vya kando ya barabara vinaendelea kuuza miwaridi kwa rangi: mwekundu, mweupe, wa njano, wa rangi mbili. Ukiuliza jina, unaambiwa "huu ni wa kisasa".

Neno hilo la kisasa ndilo linalopoteza watu. Miche mingine ya vitaluni imechipuzwa kutokana na maua ya kukatwa, aina ya yale yanayolimwa Usa River na Naivasha kwenda Ulaya. Aina hizo zilichaguliwa kwa sababu ya kikonyo kirefu kilichonyooka, kitumba kinachofunguka polepole na ua linalodumu siku nyingi ndani ya chombo. Zinaishi chini ya paa la plastiki, maji yanafika mizizini kwa matone, mvua haigusi jani, na wafanyakazi huzikagua kila siku wakiwa na dawa karibu. Kuuchukua mwaridi wa namna hiyo na kuupanda uani ni sawa na kumtoa kuku wa kisasa bandani ukamwambia akajitafutie. Kosa si lake.

Kabla ya kutoa hela, yajue magonjwa matatu, kwa kuwa mwaridi unaweza kuwa sugu kwa moja na ukaangamia kwa jingine.

La kwanza ni madoa meusi, yanayoletwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Doa huwa la mviringo, juu ya jani, kingo zake zimechanika-chanika kama nyoya. Jani hugeuka njano kuzunguka doa, kisha huanguka. Ugonjwa huanzia majani ya chini kwa sababu matone ya mvua hurusha mbegu za kuvu kutoka kwenye majani yaliyooza ardhini. Mbegu hizo zinahitaji jani lililolowa kwa muda wa saa 7 hivi mfululizo ndipo ziweze kupenya. Anayemwagilia kwa mpira saa kumi na mbili jioni, akirusha maji juu ya majani, anazipa usiku mzima.

La pili, ubwiri unga, lina tabia tofauti kabisa. Halihitaji maji juu ya jani. Linapenda mchana mkavu na usiku wa baridi wenye unyevu hewani, yaani hali ya Juni hadi Agosti katika nyanda za juu, hasa pale mmea ulipobanwa na ukuta na hewa haipiti. Majani machanga hujikunja na kupakwa unga mweupe, na unga hupanda hadi kwenye shingo za vitumba. La tatu, ubwiri vinyoya, huja na baridi pamoja na mvua. Madoa yake ni ya zambarau, yana pembe kwa sababu yanafuata mishipa ya jani, na majani huanguka mengi ndani ya siku chache hata kabla hayajageuka njano. Wengi hudhani ni dawa iliyounguza. Kutu nayo ipo, vidonge vya rangi ya chungwa chini ya jani, lakini ukilinganisha na hayo matatu ni mgeni wa mara moja moja.

Kuna unjano mwingine ambao si ugonjwa wa kuvu hata kidogo. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana magadi na floraidi nyingi. Ukimwagilia kwa maji hayo mwaka hadi mwaka, udongo unakuwa wa magadi na mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma. Majani machanga, yale ya juu, hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Hakuna dawa ya ukungu itakayosaidia hapo. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa, mboji kwa wingi, na ikibidi mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA kwenye pakiti, kwa kuwa aina nyingine za chuma hufungwa na udongo wa magadi kabla mmea haujafaidi.

Sasa rangi. Njano, chungwa na shaba, ambazo wateja hupenda kuliko zote, zina historia yake. Mwaka 1900 mzalishaji wa aina mpya za miwaridi wa Lyon, Ufaransa, Joseph Pernet-Ducher, alitoa mwaridi uitwao 'Soleil d'Or', alioupata kwa kutumia mwaridi wa njano wa Uajemi, Rosa foetida 'Persiana'. Njano kali ya miwaridi mingi ya bustani imepita katika ukoo huo, na pamoja na rangi ulikuja udhaifu mkubwa mbele ya madoa meusi. Wazalishaji wametumia zaidi ya miaka 100 kuuchuja udhaifu huo na baadhi wamefaulu. Hata hivyo, ukisimama mbele ya miche miwili usiyoijua, mmoja wa njano na mwingine wa waridi hafifu, na nyumba yako iko sehemu ya mvua, bahati yako iko zaidi kwa huo wa pili.

Siku ya kwenda kitaluni ni wiki ya mwisho ya Mei. Januari kila mwaridi ni mzuri. Mei, baada ya wiki nane za mvua, mmea hauna pa kujificha. Usitazame ua. Inama utazame theluthi ya chini ya mmea: kama majani bado yapo, mazito na ya kijani, wakati jirani zake kwenye foleni hiyohiyo wamebaki uchi, huo ndio wa kuuliza bei. Ukiona ukoko mweupe au wa buluu uliokauka juu ya majani, mmea umepuliziwa dawa majuzi na haukuambii chochote. Omba kuonyeshwa mti mama uliopandwa ardhini. Rudi tena Julai kuutazama huohuo kwa ajili ya ubwiri unga. Jani linalong'aa ni dalili njema, ila si cheti. 'Iceberg', mwaridi mweupe wa mzalishaji Kordes wa Ujerumani wa mwaka 1958 ulioenea sana katika bustani za nchi zenye joto, una jani la kung'aa, na bado hupata madoa meusi mvua zikizidi. Ni mwaridi mzuri wa sehemu kavu. Asikuuzie mtu kuwa ni sugu.

Kagua pia shingo ya mche, pale ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Uvimbe mgumu wenye mikunjo kama koliflawa ni ugonjwa wa bakteria usio na tiba, na hubaki kwenye udongo wako hata ukiung'oa mmea. Halafu uliza kama mche umebebeshwa au umeoteshwa kwa kipandikizi chake wenyewe. Kanda hii miche mingi hubebeshwa juu ya shina la 'Natal Briar', ambalo lina nguvu sana. Nguvu hiyo ina gharama: shina likichipua kutoka chini ya shingo na likaachwa, ndani ya mwaka mmoja au miwili linaumeza mwaridi ulionunua. Ndiyo sababu watu husema waridi lao limebadilika rangi. Chipukizi kama hilo fukua, uling'oe kwa kulivuta pale lilipotokea. Ukilikata kwa mkasi, yatarudi matatu.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ipo mtaani kwako. Mwaridi uliokaa miaka 10 kwenye uwanja wa misheni au shule ya zamani, haujawahi kuona dawa na bado una majani mwezi wa Mei, umekwisha kufaulu mtihani wa udongo wako na mvua zako. Omba vipandikizi. Chukua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, lenye macho manne. Macho mawili yazame kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mawili yabaki juu na jani moja au mawili. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Mizizi huja baada ya wiki nne hadi nane. Usivute kila siku kuona kama imeshika.

Kwa anayetaka majina ya kuulizia: 'Knock Out' wa William Radler wa Wisconsin, uliotoka mwaka 2000, unavumilia sana madoa meusi, ingawa harufu yake ni kidogo mno. 'The Fairy' wa 1932 ni mfupi, vishada vya maua madogo, jani imara, ila wakati wa kiangazi utitiri mwekundu huupenda. Upige maji chini ya majani asubuhi. 'Belinda's Dream' una ua kubwa lililojaa na ni miongoni mwa miwaridi ambayo Chuo Kikuu cha Texas A&M kiliijaribu bila dawa na kuipitisha. 'Mutabilis' na 'Old Blush' ni ya ukoo wa China, haihitaji baridi ili ichanue, na inafaa hata Tanga na Dar es Salaam, ambako miwaridi ya nyanda za juu huchoka. Huko pwani mchanga una minyoo ya mizizi, kwa hiyo mboji isikosekane kamwe. Waridi la marashi la Jabal Akhdar, Oman, ambalo wengi pwani hulitamani, ni la milima ya baridi na huchanua majuma machache tu kwa mwaka. Tanga litakupa miiba.

Alama nyingine ya kuaminika ni ADR ya Ujerumani. Hupewa mwaridi uliofaulu majaribio yaliyoanza 1948. Mwaridi hukaa bustanini miaka mitatu, na tangu 1997 bila dawa yoyote. Alama hiyo inaweza kunyang'anywa afya ya mwaridi ikishuka baadaye, na hushuka kweli, kwa kuwa kuvu wa madoa meusi ana mbari nyingi, yaani koo zinazotofautiana katika miwaridi zinayoweza kuishambulia. Jeni iitwayo Rdr1, iliyotoka kwa Rosa multiflora, huzuia baadhi ya mbari na kuziachia nyingine mlango. Kwa hiyo asiyetaka hasara asipande uzio wa miche 20 ya aina moja. Aina tatu au nne zilizochanganywa zitakuachia kitu siku mbari mpya ikifika.

Usugu hauokoi mmea uliopandwa vibaya. Shimo liwe sentimita 50 kila upande, udongo wake uchanganywe na debe moja la mboji au samadi iliyoiva. Kama mwaridi mwingine ulifia hapo, badilisha udongo wote. Kati ya mche na mche acha mita 1, na kutoka ukutani si chini ya sentimita 60. Jua lipatikane kwa muda wa saa 6 kila siku, na bora liwe la asubuhi, maana ndilo linalokausha umande. Kiangazi mpe kila mmea lita 10 hadi 15 za maji shinani, mara moja au mbili kwa wiki. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 huzuia matone kurusha matope kwenye majani. Urea nyingi huzaa majani laini, na jani laini ndilo chakula cha ubwiri unga. Mvua zikikatika pogoa, na ondoa majani yote ya zamani yaliyobaki: kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuyaangusha, kwa hiyo kuvu hana likizo usipompa wewe. Majani hayo yachomwe au yafukiwe mbali, yasiende kwenye lundo la mboji.

Magadi ya kuokea, kijiko cha chai kwa lita 1 ya maji na tone la sabuni, hupunguza ubwiri unga ukiwahi. Kwa madoa meusi usijisumbue nayo. Salfa husaidia pia, ila joto likipita nyuzi 30 inaunguza majani.

Wapo wanaobeba vipandikizi ndani ya masanduku kutoka ng'ambo. Waache. Huko Marekani 'Knock Out' hiyohiyo inayosifiwa imeangamizwa kwa wingi na virusi vya roseti vinavyosambazwa na utitiri usioonekana kwa macho. Usugu wake kwa madoa meusi haukuisaidia lolote. Kuingiza mimea kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na cheti cha afya kutoka nchi inakotoka.

Kwa wenye vitalu ombi ni moja. Kila mche uwekewe kibao chenye jina la aina, kama umebebeshwa na juu ya shina gani, kama mti mama unaishi nje au ndani ya kitalu nyumba, na tarehe ya mwisho ya kupulizia dawa. Mnunuzi atalipa zaidi kwa mche wa namna hiyo, na hatarudi na malalamiko Juni. Kipande cha mbao na penseli vinatosha; wino wa kalamu hufutika kabla masika hayajaisha.

Mtunza bustani,
Arusha