Dereva naye ana familia jamani

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wanaoanza udereva wa malori. Ukishapata leseni daraja E, ile ya magari makubwa, usikimbilie safari za Congo, anza na tajiri, yaani mwenye malori, wa mizigo ya ndani ya nchi, Morogoro au Dodoma hivi, posho ndogo kweli ila unaonana na familia. Lubumbashi, huko Congo, ni habari nyingine, kuna foleni Tunduma mpakani na Zambia, ukipita hapo inakusubiri ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, unasonga ugali pembeni ya tairi huku mtoto anapiga simu baba unarudi lini, na huna jibu maana karatasi za mzigo hazijatoka. Na nyie matajiri, mtu ameingia yadi jioni, alfajiri mnamwambia kapakie bandarini, mkewe amuone saa ngapi?

Dereva wa masafa marefu,
Mbagala, Dar es Salaam