Kwa Makame, kabla hujashusha boti ya faiba

Swahibu yangu Makame,

Assalaam alaykum. Sisi huku Nungwi hatujambo. Nimesikia faiba yako imekwisha, mashine ya farasi arobaini umeshaifunga, na karibuni utaanza kupeleka wageni kisiwani Mnemba. Hongera sana. Bahari ile unaijua, umeivua tangu hatujaota ndevu. Lakini kwa ngalawa ilikuwa shida kumdhuru mtu aliye chini ya maji. Sasa una rafadha, lile panga la mashine linalozunguka majini.

Pale utaona bendera mbili za wazamiaji. Moja nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari. Hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1956 na Denzel Dockery, aliyewahi kuwa mwanamaji. Nyingine nusu nyeupe, nusu buluu, imekatwa pembe upande wa buluu. Hiyo ni ya kimataifa: nina mzamiaji chini, kaa mbali, enda polepole. Ukiona yoyote kati ya hizo, punguza mashine. Florida sheria inawataka wenye boti wajitahidi kukaa futi 300 mbali nayo wakiwa bahari ya wazi, na anayelazimika kusogea aende mwendo wa kuambaa tu. Futi 300 ni kama mita 90. Mnemba wageni wakijaa hupati nafasi hiyo, kwa hiyo hapo kinachookoa ni mwendo wa polepole.

Manahodha wengi hudhani mzamiaji yuko chini ya bendera. Hayupo! Mkondo unamchukua, na boti yetu ya uzamiaji humfuata kwa nyuma. Tazama mapovu. Ukiona boya refu la rangi ya chungwa limesimama juu ya maji, jua watu wako kama mita tano chini yake, wanangoja dakika tatu hivi kabla ya kupanda. Mashine yako wanaisikia, ila hawajui inatokea wapi, maana sauti majini hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani na hufika masikio yote mawili karibu pamoja. Usitegemee wao ndio watakukwepa. Mwimbaji Kirsty MacColl wa Uingereza alikufa hivyo Cozumel, Mexico, Desemba 2000. Alikuwa anaibuka na wanawe mahali ambapo boti za kasi zimekatazwa, boti ikawajia mbio, akamsukuma mtoto pembeni, ikampiga yeye.

Wewe nawe ukibeba wazamiaji, bendera ishushe wote wakishapanda. Kuna boti hapa zinarudi hadi ufukweni zinapepea bendera, mchana kutwa, mpaka watu wameizoea na hawaiangalii tena. Hilo linaniudhi kuliko asiyeweka kabisa. Tena kitambaa upepo ukikata hulala kwenye mlingoti, hakionekani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano zinataka boti ndogo ya wazamiaji iweke ile ya buluu na nyeupe ikiwa ngumu, kimo chake kisipungue mita moja. Plaiwudi inatosha.

Wakati wa kuwapandisha, zima mashine kabla mtu hajashika ngazi. Wapo wanaosema nyutro inatosha. Mimi siiamini, kijana wako akiteleza akagusa gia, imeingia.

Na wenzetu wanaozamia pweza na majongoo ya bahari? Hao hawana bendera. Wengine hujifunga kamba yenye dumu, na dumu utalidhani la dema, mtego wa samaki. Litazame kidogo: la dema limetulia mahali pake, lakini likienda kinyume na mkondo, lina mtu. Wasiokuwa na dumu ndio wanaonitia hofu, hasa asubuhi jua likiwa usoni. Waambie vijana wa kwenu wafunge hata la lita tano, la njano. Wewe watakusikiliza, mimi wataniona mtu wa mahoteli.

Niarifu siku ya kushusha nije na ubao wa bendera. Rangi ya buluu ninayo, nyeupe nunua wewe. Nisalimie bi mkubwa na watoto.

Wasalaam,
Nduguyo Haji