Noeli ya Kwanza Nyumbani Kwako

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako mdogo wako kaifikisha. Marahaba. Baba yako hajambo, goti limepoa, na mvua zimeshika kweli. Kuanika dagaa kumekuwa kazi.

Jana kwenye simu sauti yako haikunipendeza. Unasema majirani zako hapo Tabora wameshasimamisha miti ya plastiki yenye taa za rangi, mkwe wangu naye anataka hivyohivyo, na wewe moyo haukutumi, ila unaogopa wageni watasema nyumba yako imepooza. Nimelala nikiliwaza hilo.

Unaukumbuka mwaka nilionunua taa? Ulikuwa darasa la tatu. Niliziona kwa mtu nikazitamani, nikadunduliza pesa ya dagaa miezi miwili. Umeme wetu siku zile ulikuwa wa majenereta. Mkesha wa Noeli, saa mbili usiku, ukakatika. Tukabaki na chemli moja mezani, na yale matawi ya mchikichi baba yako aliyoyapinda juu ya mlango. Mwanga ukapenya kwenye majani, vivuli vikapanda ukutani mpaka darini. Ukasema, "Mama, leo tunalala msituni." Nilikuwa nimenunua taa kwa jicho la mtu mwingine, mwanangu, na nyumba yangu ilikuwa na uzuri wake kabla sijazileta. Sikuzifunga tena.

Huko michikichi si mingi kama huku, usihangaike kuitafuta. Mnayo miembe. Majani yake ni magumu, hayanyauki upesi. Yafunge kwa kamba juu ya mlango na madirisha. Mikrismasi nayo sasa imewaka nyekundu, lakini maua yake ukishayakata hayakai, kwa hiyo yachume asubuhi ya mkesha, si kabla.

Tena uko Tabora, kwenye asali! Mimi ningekuwa huko ningeanza na nta. Tafuta kwa wauza asali, waambie unataka nta iliyochujwa. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja motoni, inashika moto kama mafuta. Kata uzi wa pamba, uchovye, uinue upoe, uchovye tena, mpaka mshumaa unenepe. Tengeneza minne ya Majilio, mmoja kwa kila Jumapili ya zile nne kabla ya Noeli. Nta ina rangi yake ya manjano na inapendeza hivyo hivyo. Mitatu ifunge kitambaa cha zambarau, mmoja wa Jumapili ya tatu ufunge cha waridi. Harufu yake usiku, utaniambia mwenyewe.

Mume wako usimnyime taa zake. Mwachie baraza afunge anavyotaka, wewe chukua sebule. Nyumba ni yenu wawili, na mtu anayetaka kupamba nyumba yake ni mtu anayeipenda.

Sasa pango la kuzaliwa Yesu. Hapo ndipo ningependa utumie muda wako wote. Mtakatifu Fransisko alipoandaa lile pango la Greccio, Italia, mwaka 1223, alitaka nyasi, ng'ombe na punda, vitu ambavyo watu wa pale walikuwa navyo nyumbani. Ndiyo maana sikukukataza ulipofinyanga Mamajusi wakiwa ndani ya mtumbwi. Ulikuwa na miaka saba. Ulisema mashariki ni mbali, na wewe ulijua watu wa mbali hufika Kigoma kwa ziwa. Kuna mtu mzima alikuambia umekosea, ukalia. Mimi niliuweka mtumbwi huo mwaka ule, na kila mwaka baadaye, hata ulipokuwa bwenini. Kila siku nausogeza kidogo, ufike pangoni siku ya Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Mtoto Yesu namlaza usiku wa mkesha, hori linakaa tupu mpaka saa hiyo.

Mwaka huu mtumbwi unakuja kwako. Shangazi yako anapanda treni Ijumaa, mpokee stesheni. Ana dumu la mawese, mfuko wa dagaa, na boksi dogo. Nimeuviringisha kwenye kile kitenge changu cha kijani, nacho kikate uwe na kitambaa cha meza. Mfalme wa nyuma hana mkono mmoja. Uliuvunja mwenyewe ukiwa unamwogesha, usimgundishe.

Mama yako