Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Majaribio ya Dawa za Macho Makavu

Ndugu wanachama,

Mweka hazina amekwisha kuwasomea hesabu, na katibu ameeleza mahudhurio. Kamati ilikutana kila robo mwaka kama katiba inavyotaka, isipokuwa mara moja ambapo akidi haikutimia. Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo mlilotuagiza katika mkutano mkuu uliopita: kuwasaidia wanachama kutafuta majaribio ya kitabibu ya dawa za macho makavu na kujiunga nayo.

Agizo hilo tulilielewa vibaya, na mimi nikiwa wa kwanza. Tulidhani shida ni kuyapata majaribio. Kumbe kuyapata ni kazi ya nusu saa. Marekani wana sajili yao ya ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa mwaka 2000 na iliyo wazi kwa kila mtu, na Shirika la Afya Duniani lina mahali panapokusanya sajili za nchi nyingi pamoja. Kila jaribio katika sajili ya Marekani lina namba inayoanza na NCT na kufuatiwa na tarakimu 8. Iandikeni namba hiyo, kwa maana majina ya majaribio yanafanana mno na mtu hupotea kirahisi.

Tulifanya makosa mawili. Kwanza, tulikuwa tunatafuta kwa neno moja tu, macho makavu, tukayakosa yaliyosajiliwa kwa jina la tezi za Meibomian, zile za kwenye kope zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi, na yale ya ugonjwa wa Sjögren, unaokausha machozi na mate, alioueleza daktari wa macho wa Uswidi Henrik Sjögren mwaka 1933. Pili, hatukuangalia hali ya jaribio. Mwanachama wetu mmoja tulimhimiza apige simu, akapiga kwa moyo wote, akajibiwa kwamba uandikishaji ulikwisha zamani. Nimemwomba radhi faraghani na ninamwomba tena hapa. Tangu hapo hatumpi mtu namba yoyote kabla ya kuhakikisha kuwa jaribio bado linapokea watu. Na mkumbuke kwamba jaribio kuwemo kwenye sajili hakumaanishi kuwa serikali imelikagua na kuridhika nalo.

Kazi kubwa ipo kwenye masharti. Karibu kila jaribio hukataa aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, anayevaa lenzi za machoni na hawezi kuziacha, mjamzito, na mara nyingi aliyewekewa vizibo kwenye vitundu vinavyopitisha machozi. Kisha kuna vipimo. Wanahesabu sekunde ambazo utando wa machozi unakaa kabla ya kupasuka. Wanatia rangi kuona kama konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ina michubuko. Wanapachika karatasi nyembamba kwenye kope la chini kwa dakika 5 na kupima imelowa milimita ngapi. Wengi wetu tulidhani kadiri jicho lilivyo kavu ndivyo nafasi inavyokuwa nzuri. Sivyo. Majaribio mengine yanataka karatasi ilowe angalau milimita 1 na isizidi 10, kwa hiyo mwenye ukavu uliokithiri naye hurudishwa nyumbani. Halafu kuna sharti la kuacha dawa zako kwa siku au wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Siwalaumu. Aliyewahi kuamka usiku kope limegandia jicho anajua kwa nini mtu haachi chupa yake.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Maswali 12 ya dalili niliyafaulu kwa alama za juu ambazo si za kujivunia, karatasi ikalowa kidogo kama walivyotaka, nikapewa chupa ya matone niitumie kwa wiki 2 kabla jaribio lenyewe halijaanza. Niliporudi nikasema kweli: nimepata nafuu. Wakanishukuru, wakanitoa. Ile chupa haikuwa na dawa. Ilikuwa na kimiminika kitupu, na wiki zile 2 ziliwekwa makusudi ili kuwachuja watu wa aina yangu.

Nilikasirika kwa muda, kisha nikasoma nikaelewa. Plasebo, yaani dawa bandia ya kulinganishia, ya macho makavu hailingani na kidonge cha unga mtupu, kwa sababu hata bila dawa tone hulowesha jicho. Aidha, mtu anayeona daktari mara kwa mara na kutia matone kwa saa maalumu hujitunza kuliko kawaida yake. Mfano ulionizindua ni jaribio la DREAM la Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Watu 535 waligawanywa: wengine walimeza gramu 3 za omega-3 ya samaki kila siku kwa mwaka mzima, wengine mafuta ya zeituni kama plasebo. Alama za dalili zilishuka kwa wastani wa 13.9 kwa waliomeza omega-3, na 12.5 kwa waliomeza zeituni. Makundi yote mawili yalipata ahueni, na tofauti baina yao haikutosha kusema omega-3 ndiyo iliyofanya kazi. Najua wamo humu wanaomeza vidonge hivyo kila asubuhi, sikuja kuwanyang'anya.

Kuna ugumu mwingine ambao wagonjwa tunaujua bila kufundishwa: anachokiona daktari na anachokisikia mgonjwa havilingani. Kuna mwenye konea iliyochubuka asiyelalamika, na kuna anayelia kwa maumivu huku jicho likionekana safi. Lifitegrast, dawa ya matone ya macho makavu, ilinaswa hapo hapo. Jaribio lake kubwa la kwanza lilionyesha faida kwenye konea lakini si kwenye dalili zilizopimwa. La pili likaonyesha faida kwenye dalili lakini si kwenye konea. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka ushahidi zaidi, yakawasilishwa matokeo ya la tatu, na dawa ikaidhinishwa Julai 2016. Nikisikia mtu anauliza kwa nini dawa mpya zinachelewa, sasa nina jibu.

Mwanachama mmoja aliniuliza katikati ya mwaka kama chama kimeanza kuwauza watu kwa makampuni. Swali zito, na halikuwa la utani. Chama hakijapokea chochote kwa kumpeleka mtu kwenye jaribio, na kamati inapendekeza jambo hilo liandikwe kwenye kanuni zetu. Kwa Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na marekebisho yake ya baadaye, utafiti kwa binadamu una miiko yake: kamati ya maadili iupitie, mhusika aridhie baada ya kuelezwa, na awe huru kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Lakini ridhaa haina maana kama fomu haikusomwa, na hapa tuna kichekesho chetu wenyewe. Fomu hizo ni kurasa nyingi za herufi ndogo, zinazopewa watu ambao wakisoma kwa dakika 10 macho yanawaka, kwa sababu anayesoma husahau kupepesa. Wawili kati yetu walikiri kwamba walitia saini bila kufika ukurasa wa tatu.

Ndiyo maana kamati inaomba agizo lenu libadilishwe. Badala ya kuwatafutia watu majaribio, tuwasomee fomu. Anayefikiria kujiunga aombe nakala aende nayo nyumbani, na mwanachama mwenzake amsomee kwa sauti, hata kwa simu, hasa zile sehemu zinazosema nani atalipia matibabu akidhurika, nauli inarudishwa au la, dawa gani aache na kwa siku ngapi, na kama ataendelea kupata dawa hiyo jaribio likiisha. Asiyepata jibu kwenye fomu aulize kabla ya kutia saini. Tumeupima mpango huu wa kusomeana kwa miezi mitatu, na mmoja wa waliosomewa aliamua kutojiunga. Nalihesabu hilo kuwa mafanikio, ingawa mjumbe mmoja wa kamati hakubaliani nami.

Tunahitaji wasomaji zaidi. Mwenye sauti ya kusikika na subira ya kurudia aya moja mara 3 ajiandikishe kwa katibu kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.